Hoja Niliyoificha Mdahaloni

Wengi wenu mlikuwapo bwaloni Jumamosi ile ya mwezi wa Mei, tulipofanya mdahalo juu ya hoja isemayo, "Vitabu vya kidijiti ni bora kuliko vitabu vilivyopigwa chapa." Mimi nalikuwa msemaji mkuu wa upande wa kupinga. Mlinipigia makofi mengi, kura zikahesabiwa, na upande wetu ukapata kura 112 kwa 47. Usiku ule nalilala na furaha ya mshindi. Lakini furaha hiyo haikufika Jumapili jioni, na sababu yake ndiyo iliyonifanya nimwombe mhariri nafasi katika kurasa hizi. Nataka kueleza hoja moja ambayo naliijua vizuri kuliko hoja zangu zote za siku ile, nami nikaificha kwa makusudi, kwa kuwa naliogopa kwamba ingeweza kutushinda.

Kwanza yafaa nikumbushe yaliyosemwa, kwa ajili ya wazazi wetu na wengine ambao hawakuwapo.

Wenzetu waliounga hoja walijiandaa vema. Walisema kwamba mwaka 1971, huko Marekani, kijana mmoja aitwaye Michael Hart, katika Chuo Kikuu cha Illinois, aliliandika Tangazo la Uhuru la nchi yake ndani ya kompyuta ili watu wengine walisome bure. Hapo ndipo ulipoanza mradi uitwao Project Gutenberg, ambao leo una makumi ya maelfu ya vitabu. Mradi huo ulipewa jina la Johannes Gutenberg, yule Mjerumani aliyepiga chapa Biblia yake kwa herufi za chuma karibu na mwaka 1455. Wakasema kwamba vitabu elfu moja vya kidijiti vyaweza kukaa katika mfuko wa shati, na ya kuwa hapa kwetu Taasisi ya Elimu Tanzania ina Maktaba Mtandao, ambamo vitabu vya kiada husomwa bila kununuliwa. Maneno hayo yote yalikuwa ya kweli.

Mimi nalijibu kwa mambo matatu. La kwanza, nalitaja Utendi wa Tambuka, ambao hati yake ya mwaka 1728 ingali ipo hata leo. Karatasi ile imeishi karibu miaka 300, wala hapana mtu aliyewahi kuichaji.

La pili, nalisimulia jambo lililotokea Marekani mwezi wa Julai, mwaka 2009. Kampuni ya Amazon iligundua kwamba vitabu viwili vya George Orwell, vilivyokuwa vikiuzwa kwa kusomwa katika kifaa chake kiitwacho Kindle, vilitiwa sokoni na mtu asiyekuwa na haki ya kuviuza. Kampuni ikavifuta ndani ya vifaa vya watu waliokwisha kuvinunua, ikawarudishia fedha zao. Kijana mmoja wa Michigan, mwenye umri wa miaka 17 kama mimi, alikuwa akisoma kimoja cha vitabu hivyo kwa kazi ya shule, tena ameandika maelezo yake humo. Maelezo yakabaki, lakini kurasa alizozieleza zikawa hazipo. Mkuu wa kampuni aliomba radhi baadaye. Naliwauliza, "Je, mwenye duka aweza kuingia bwenini usiku akachukua daftari lako la masomo, akakuachia fedha juu ya mto?" Mlicheka sana.

La tatu, naliinua juu kitabu changu cha Kiswahili, kile chenye jalada la kitenge, nikasema, "Kitabu hiki kimenyeshewa na mvua, kimekaushwa kando ya moto, kimeshonwa kwa sindano na uzi, na bado chasomeka. Nionyesheni simu iliyotendwa hayo yote ikapona!" Hapo ndipo makofi yalipozidi, nami nikajua kwamba tumeshinda.

Wapenzi wasomaji, sikusema uongo hata neno moja. Lakini sikusema kurasa zile zilizoshonwa zilitoka wapi. Sasa sikilizeni kisa chenyewe.

Sisi wa kidato cha nne twatumia kitabu cha Kiswahili kimoja kwa wanafunzi watatu. Wenzangu wawili ninaoshirikiana nao, mmoja kwao ni Songea na wa pili ni Kigoma, na kwa likizo fupi ya Pasaka hawakwenda kwao, ila walikaa kwa jamaa zao hapa Morogoro. Tulipatana kwamba mimi nichukue cha Kiswahili, nao wachukue cha Historia na cha Jiografia, kisha tubadilishane shule ikifunguliwa. Mwalimu wa maktaba aliandika jina langu katika daftari lake, akaniambia, "Kumbuka, unachukua macho ya watu watatu." Nikaitika, "Ndiyo, Mwalimu," kama mtu aitikiavyo jambo alilolisikia mara nyingi.

Kwetu ni milimani Usambara, upande wa Soni. Kutoka Morogoro, basi hupita Chalinze na Segera hata likafika Mombo, na pale nikapanda gari dogo la kwenda mlimani. Begi langu lilifungwa juu ya gari pamoja na mizigo ya watu. Ilikuwa masika, na tulipoanza kupanda zile kona mvua ikatushukia kwa nguvu. Turubai halikufunika mizigo yote. Simlaumu mtu, maana kitabu nalikitia mimi mwenyewe chini kabisa ya begi, pasipo kukizungushia hata kanga, na chupa yangu ya mafuta ya kujipaka ndiyo nalikuwa nimeifunga vizuri.

Nilipofika nyumbani nalikuta kitabu kimelowa kama mkate uliochovywa katika chai. Ningalikuwa na subira ningalikifungua karatasi moja moja na kukiacha kikauke penye upepo. Lakini nalishikwa na hofu, nikakiweka karibu na mafiga ili kikauke upesi kabla Mama hajakiona. Karatasi za kitabu kile zinang'aa kwa ajili ya picha za rangi, na karatasi za namna hiyo zikilowa na kukauka kwa pamoja hushikana kama zilizotiwa gundi. Asubuhi nalijaribu kuzibandua kwa kisu. Nyingi zilikubali. Lakini karatasi saba katika sura ya kuenea kwa Kiswahili nchini zilichanika vipande vipande, zikatoka na maneno ya jirani zake. Karatasi saba ni kurasa 14. Nalikaa chini nikawaza wenzangu wawili, na mtihani wetu wa taifa wa mwezi wa Novemba, nikalia.

Mama aliniuliza, nikamweleza yote. Hakunipiga wala hakunituliza. Alisema, "Fedha ya kununua kitabu kingine sina mpaka karoti ziuzwe. Wewe umesoma, tafuta njia."

Ndipo nikakumbuka ile Maktaba Mtandao. Mama ana simu janja, ambayo kioo chake kimepasuka kutoka pembe moja hata ya pili. Nalimwomba shilingi 1,000 nikanunua bando, nikasimama penye kizingiti cha jiko, ambapo mtandao hushika vizuri kwetu, na baada ya kuhangaika kwa muda nikakiona kitabu chetu, jalada lake na kurasa zake, hata zile 14. Sijui niwaeleze vipi jinsi nilivyojisikia. Ilikuwa kama kumkuta hai mtu uliyeambiwa kwamba amekufa. Nikachukua karatasi za mistari nikaanza kunakili kwa mkono.

Kazi ilikuwa ngumu kuliko nilivyodhani. Herufi zilikuwa ndogo kama punje za ulezi, na ule ufa wa kioo ulikata kila mstari katikati. Nikizikuza herufi, mstari ulitoka nje ya kioo, ikanibidi niuvute kwa kidole kwenda kushoto na kulia. Umeme wetu hukatika mvua ikinyesha, basi mara mbili nalipeleka simu dukani kwa mtu mwenye umeme wa jua, nikalipa na kungoja. Tena simu si kitabu peke yake. Ni duka la Mama, ni barua zake, ni benki yake. Kila nilipofika katikati ya sentensi, iliita. Siku ya pili naliona kero, nikazima sauti.

Siku hiyo hiyo mnunuzi wa karoti alipiga simu mara tatu. Mama alikuwa na magunia mawili yaliyokwisha kuchimbwa na kuoshwa, yakingoja gari la Dar es Salaam. Mnunuzi alipoona hapokelewi alichukua karoti za jirani akaenda zake. Karoti iliyooshwa haingoji. Mama alilazimika kuziuza gulioni kwa bei ya hasara. Jioni alirudi, akavua kanga yake iliyolowa, akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, kitabu chako kimekula karoti zangu."

Tangu siku ile, mtu akiniambia kwamba kitabu cha kidijiti ni cha bure, mimi humwuliza: simu ni ya nani, na mwenyewe anaihitaji kwa kazi gani?

Hata hivyo Mama hakuninyang'anya simu. Alinipangia saa: baada ya chakula cha usiku mpaka watu walale, kwa kuwa wanunuzi hawapigi wakati huo. Ndivyo Bibi alivyoingia katika kisa hiki.

Bibi yangu ana miaka zaidi ya 70 na macho yake yamefifia. Kwa miaka mingi hajasoma kitu chochote. Barua tunamsomea, hata maelezo ya dawa zake tunamsomea. Usiku ule alikaa karibu nami akiota moto, akaniuliza naandika nini. Nikamwambia. Akasema, "Hebu nione." Nalitaka kumwambia kwamba hataona, lakini nikaona aibu. Basi nikazikuza herufi kwa vidole viwili mpaka kioo kizima kikabeba maneno matatu tu. Bibi aliishika simu mbali kidogo na uso wake. Midomo yake ikaanza kutembea. Kisha akasoma kwa sauti, polepole, silabi kwa silabi: "E-li-mu ya wa-tu wa-zi-ma."

Akanyamaza. Nikavuta mstari, akasoma tena. Palikuwa na habari ya jinsi elimu ya watu wazima ilivyosaidia kueneza Kiswahili baada ya uhuru. Bibi alinigeukia akasema, "Mjukuu wangu, mimi nimo humu."

Ndipo akanisimulia mambo ambayo katika miaka yangu 17 sijawahi kumwuliza. Mwaka 1970 ulitangazwa na Mwalimu Nyerere kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Bibi alikuwa mwanamke kijana, ameolewa, hajui hata herufi moja, na nyumbani wakisema Kisambaa tu. Mwaka uliofuata akaanza kwenda kisomo jioni, baada ya kazi za shamba, na mtoto mgongoni. Mwaka 1973 kukaja kampeni ya "Mtu ni Afya". Watu walikusanyika kwa vikundi wakasikiliza redio kwa saa zilizopangwa, na kila kikundi kikawa na kitabu cha kampeni hiyo. Redio ikimaliza, mwenye kujua kusoma aliwasomea wenzake, wakazungumza, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani karibu na nyumba. Katika kikundi cha Bibi, aliyesoma kitabu alikuwa yeye.

Nikamwuliza, "Bibi, kipi kilikuwa bora, redio au kitabu?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Redio ilisema ikanyamaza. Kitabu kikabaki. Lakini bila redio nani angalikusanyika? Sisi hatukuwa na nafasi ya kuulizana kipi bora. Tulikuwa tunataka kujua."

Kwa usiku nne zilizofuata tulifanya kazi pamoja. Mimi nalivuta mstari kwa kidole, Bibi akasoma kwa sauti, nami nikaandika. Alikuwa mwepo polepole, nami sikumharakisha, na kwa sababu hiyo kila sentensi ilipita masikioni mwangu na mkononi mwangu kabla ya kukaa katika karatasi. Nawaambia wenzangu wa kidato cha nne kwa hakika: katika kitabu kizima hapana sura ninayoijua kama ile.

Tulipomaliza, Bibi alipika gundi ya unga wa ngano, akachukua sindano na uzi mnene, akazishona karatasi mpya mahali pa zile za zamani, na kwa kipande cha kitenge akatengeneza jalada. Kisha akaomba kalamu. Pembeni mwa ukurasa wa mwisho aliandika kwa herufi kubwa zilizoinama, "Mimi nilijifunza kusoma mwaka 1971." Ilimchukua muda mrefu. Nilitazama mkono wake ukitetemeka nikafahamu kwamba neno hilo halingeweza kuandikwa juu ya kioo cha simu ya Mama, na ya kuwa pasipo kioo kile lisingaliandikwa kabisa.

Shule ilipofunguliwa nalikwenda kwa mwalimu wa maktaba kabla hata ya kufungua sanduku langu. Nalimweleza mvua, moto na kisu. Alikigeuza kitabu kurasa kwa kurasa, akasoma maandishi ya Bibi, akakaa kimya. Mwishowe akasema, "Kosa nitaliandika katika daftari, na kazi hii nitaiandika pia." Akagonga muhuri wa maktaba juu ya kila karatasi niliyoiandika kwa mkono, saba zote. Wenzangu wawili waliponiona walikagua mwandiko wangu, wakanisamehe, ingawa yule wa Kigoma alisema kwamba herufi yangu ya "r" yafanana na "v", na kwa hiyo amesoma juu ya "Wajevumani".

Hayo ndiyo niliyoyajua niliposimama bwaloni nikakiinua kitabu juu. Nalijua kwamba kama ningalisema kurasa zile zilitoka katika Maktaba Mtandao, makofi yangalihamia upande wa pili. Nikajiambia kwamba mdahalo ni mdahalo, na kila upande huleta hoja zake.

Jumapili yake jioni nalikuwa nikianua nguo kambani. Akaja mwanafunzi mmoja wa kidato cha kwanza. Wengi mnamfahamu, ni yule mwenye uoni hafifu, ambaye husoma kwa kuleta kitabu karibu na pua, na wako wasiokuwa na adabu wanaosema kwamba ananusa vitabu. Akasema, "Shikamoo, dada." Nikaitika, "Marahaba." Akasimama kidogo, kisha akasema:

"Dada, jana ulisema kwamba kitabu cha karatasi kinamfaa kila mtu. Nyumbani mimi nalikuwa nikisoma katika kompyuta ya kaka yangu, herufi zikiwa kubwa kama kidole gumba. Hapa nangoja mpaka mtu apate nafasi ya kunisomea. Nalitaka kusimama niseme, lakini watu wote walikuwa wanapiga makofi."

Hakusema kwa hasira, bali kama mtu aulizaye njia. Nami sikuwa na jibu. Nalimwona Bibi, ameishika simu mbali na uso wake, midomo ikitembea. Nalikuwa nimeona kwa macho yangu dawa ya shida ya mtoto huyu, kisha nikasimama mbele ya shule nzima nikaificha ili nishinde kwa kura 65.

Sasa nitasema ninayoyaamini, pasipo kuficha kitu.

Mimi bado napenda kitabu kilichopigwa chapa. Ninaposoma kwa mtihani nataka karatasi, kwa kuwa hukumbuka neno kwa mahali lilipokaa, kama juu kushoto au chini ya picha fulani. Kitabu hakiniiti katikati ya sentensi. Hakina mwenyewe anayekihitaji kuuzia karoti. Hapa bwenini, ambapo simu zimekatazwa kwa sababu tunazozijua sote, kitabu ndicho rafiki wa kukaa naye mpaka taa zizimwe. Tena kitabu cha karatasi huazimika: chatoka mkono wangu, chaenda mkono wako, hakiulizi neno la siri.

Lakini kupenda kwangu si sheria kwa mtu mwingine. Kitabu cha karatasi kina herufi za ukubwa mmoja, na aliyeuchagua ukubwa huo hakuyajua macho ya Bibi wala ya yule mdogo wangu. Kitabu cha karatasi kikichanika Usambara, mwenye kukihitaji hawezi kukipata usiku ule ule, ila kwa njia ya mtandao. Na wale ambao hawana kitabu wala simu, hao hawakutajwa na upande wowote bwaloni, ingawa wako wengi katika vijiji vyetu. Tulibishana saa nzima juu ya chombo gani ni bora, wala hapana mmoja wetu aliyeuliza ni nani amekaa bila chombo chochote.

Jumatatu yake nalimchukua yule mdogo wangu, tukaenda kwa mwalimu wa maktaba, nikamweleza. Alitusikiliza, akaenda kuzungumza na mwalimu mwenye ufunguo wa chumba cha kompyuta. Tangu hapo, kila Jumamosi saa kumi hata saa kumi na mbili, kompyuta moja huwekwa vitabu vya kiada kwa herufi kubwa. Jumamosi ya kwanza alisoma kurasa sita bila kusomewa na mtu. Saa mbili kwa juma ni kidogo, nasi twajua. Ndiyo sababu siku nyingine wanafunzi wanne wa bweni letu hupokezana kumsomea. Anayetaka kuwa wa tano na aje kwangu.

Kwa wazazi nina ombi moja. Mtoto akirudi likizo na kitabu cha shule, kizungushieni kitambaa kizuri kabla ya safari, na kikilowa msikiweke motoni. Tena kama nyumbani yumo mzee aliyeacha kusoma kwa sababu ya macho, mpeni simu usiku mmoja, mkuze herufi, mkae naye. Huenda mkasikia habari ambazo hamkuwahi kuziuliza.

Na kwa yule mdogo wangu wa kidato cha kwanza, nasema mbele ya wasomaji wote: nisamehe. Nalikuwa na hoja yako mfukoni nikaikalia.

Wazee walisema, mchagua jembe si mkulima. Mwezi wa Novemba nitaingia katika chumba cha mtihani, na nikiulizwa juu ya kuenea kwa Kiswahili nchini nitajibu vizuri, kwa kuwa nalikisoma katika kioo kilichopasuka, kwa sauti ya Bibi, juu ya karatasi niliyoiandika kwa mkono wangu mwenyewe.